Bingwa wa Kutovuja: Rekodi za Sili za Pampu

Pampu yenye mota nje na maji ndani huzaliwa na tatizo moja. Shafti lazima ipenye ukuta wa pampu ndipo izungushe impela, gurudumu linalosukuma maji, na tundu la kupenyea lazima lizidi unene wa shafti, la sivyo shafti itakwama. Maji yenye shinikizo hulijua tundu hilo mapema. Pakingi na sili zipo kwa ajili ya nafasi hiyo nyembamba tu, na zikishindwa, kila kitu kilichojengwa kuizunguka hushindwa pamoja nazo.

Barabara ya Ruiru hadi Thika imejaa shafti za namna hii. Zinasukuma maziwa kwa Brookside pale Ruiru, mafuta ya kupikia kwa Bidco mjini Thika, maji ya nanasi kwa Del Monte, na maji ya kuoshea kahawa katika viwanda vya vyama vya ushirika vilivyo kandokando ya mito. Kisha kuna zile ndogo zisizohesabika zinazopandisha maji hadi kwenye tenki la juu la ploti. Mwanariadha akivunja rekodi tunamwona akikata utepe. Bingwa wa fani hii ni yule aliyezuia jambo lisitokee, na pengine ndiyo sababu hajaimbwa. Nimeona niwataje baadhi yao.

Kongwe kuliko wote

Sifa hii ni ya pakingi ya kamba. Mwingereza Samuel Morland alipata hataza ya pampu yake katika miaka ya 1670, na huenda huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzuia uvujaji kwa kushindilia kitu laini kuzunguka fimbo ya pampu. Waliomfuata walitumia ngozi, katani na kitani kilicholoweshwa shahamu. Kitani ni uzi mzuri sana kwa kazi hii kwa sababu hauozi upesi majini. Walowezi wa nyanda za juu za Kenya waliwahi kukimbilia kukilima baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kabla bei haijaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Siku hizi kamba hufumwa kwa grafiti au kwa nyuzi za sintetiki, ila umbo ni lile lile la mraba na kazi haijabadilika.

Mtazame fundi anayeijua. Hapimi kwa macho. Anaizungushia kamba kwenye shafti yenyewe, au kwenye bomba lenye unene sawa nayo, kisha anaikata pete moja moja. Anazitia pete hizo moja baada ya nyingine, na kiungo cha kila moja anakigeuzia upande tofauti na cha iliyotangulia ili maji yasipate njia iliyonyooka. Halafu anaikaza glandi, kifuniko kinachoshindilia pete hizo, kwa vidole tu. Pampu ikiwaka, maji yatachuruzika, naye hana wasiwasi. Anakaza nati robo kwa robo, anangoja, anakaza tena, mpaka yabaki matone. Hapo anaweka spana chini.

Wengi hukosea hapo. Pakingi isiyotoa hata tone moja imekazwa kupita kiasi. Tone ndilo linaloilainisha na kuipooza. Likikatizwa, kamba inaungua, inakuwa ngumu kama gome, na inaanza kuchonga shafti. Nimeona shafti za chuma kizuri zenye mifereji ambayo kucha inaingia, na aliyezichonga hakuwa mchanga bali mtu mwenye bidii aliyeona aibu kuacha pampu inatonatona.

Aibu hiyo ina gharama yake, kama matone yalivyo na gharama yake. Ukihesabu matone 20 kuwa mililita moja, pampu inayodondosha tone kila sekunde inapoteza lita 4.3 kwa siku. Mtungi wa lita 20 unajaa kwa siku tano hivi. Kwa maji ya mto hiyo si hasara kubwa. Kwa maziwa, mafuta au kemikali haikubaliki, na hapo ndipo sili za nyuso mbili zilipoingia.

Bapa kuliko vyote vilivyomo kwenye pampu

Sili ya aina hiyo ni pete mbili. Moja imetulia kwenye mwili wa pampu, nyingine inazunguka na shafti, na springi inazisukuma zikutane uso kwa uso. Maji yanaingia kati ya nyuso hizo na kufanya utando mwembamba sana, mara nyingi chini ya mikroni moja. Unywele wa mtu ni takriban mikroni 70. Utando huo hulainisha nyuso, na maji machache yanayofika ukingoni hugeuka mvuke kabla jicho halijayaona. Sili hiyo nayo inavuja, ila inavuja kwa kiasi ambacho sakafu haikijui.

Rula haiwezi kupima ubapa wa namna hii. Uso wa sili huwekwa chini ya kioo maalumu na kumulikwa kwa taa ya heliamu, ukaonyesha mistari myeusi na myeupe. Kila mstari una maana ya tofauti ya mikroni 0.29. Uso ulionyooka huonyesha mistari iliyo sawa, na uso mzuri hauzidi mistari miwili au mitatu. Ndiyo maana unapouziwa sili mpya hadwea hupaswi kugusa uso wake kwa kidole. Mafuta ya ngozi na punje moja ya vumbi ni mlima mahali penye nafasi finyu hivyo.

Ngumu kuliko zote

Nyuso za bei nafuu ni kaboni ikisuguana na seramiki. Panapokuwa na mchanga hutumika silikoni kabaidi, inayokaribia almasi kwa ugumu. Mmarekani Edward Acheson aliipata mwaka 1891 akitafuta kitu kingine kabisa. Miaka miwili baadaye Mfaransa Henri Moissan akaikuta katika vipande vya kimondo kilichoanguka Arizona. Kwetu umuhimu wake huonekana Aprili na Mei, mvua za masika zinapoteremsha udongo mwekundu kwenye Chania na mto Ruiru. Uso wa kaboni huchubuka upesi katika maji hayo. Silikoni kabaidi dhidi ya silikoni kabaidi hustahimili muda mrefu zaidi, mradi isikaushwe.

Iliyosafiri mbali zaidi

Chukua sili ya kawaida yenye uso wa kipenyo cha milimita 30. Mota ya kasi kwa umeme wetu wa 50 Hz huzunguka takriban mara 2,900 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo uso mmoja unateleza juu ya mwenzake zaidi ya kilomita 16 kila saa. Sasa, mwaka 1994 Taasisi ya Petroli ya Marekani ilitoa kiwango cha API 682 kwa sili za viwanda vya mafuta, kikiwa na lengo la sili kufanya kazi miaka mitatu, yaani saa 25,000, bila kubadilishwa. Zidisha: karibu kilomita 410,000. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Kijipete kinachotoshea kiganjani kinakwenda umbali huo wote kikiwa mikroni moja tu mbali na mwenzake.

Kioevu kinachosumbua zaidi

Watu hudhani ni asidi. Mimi kura yangu naipigia sukari. Maji ya nanasi au sharubati yakipenya kati ya nyuso na kukutana na hewa, maji yanakauka na sukari inabaki. Pampu ikizimwa usiku, asubuhi nyuso zimegandana, na mota ikiwashwa kitu kimoja lazima kivunjike. Dawa yake ni kuweka maji safi au mvuke nyuma ya sili ili sukari isipate pa kugandia. Maziwa yana shida nyingine: mashine huoshwa kwa soda kali na asidi kila siku, na sili haitakiwi kuwa na kona hata moja ya kufuga bakteria. Mafuta ya kupikia hugeuza tatizo lote. Yanapoondolewa harufu huwa katika ombwe, kwa hiyo pampu inayoyatoa hapo hailindi tu yasitoke. Inazuia hewa ya nje isiingie, kwani hewa kwenye mafuta ya moto huyaharibu.

Yenye kasi na hatari zaidi

Pampu ya haidrojeni ya injini kuu za vyombo vya anga vya NASA vya Space Shuttle, vilivyoruka hadi 2011, ilizunguka karibu mara 35,000 kwa dakika. Lakini inayonishangaza ni mwenzake, ile ya oksijeni. Shafti moja ilikuwa na oksijeni ya majimaji upande huu, na gesi ya moto iliyojaa haidrojeni upande ule. Vikikutana, injini inalipuka. Kilichovitenganisha ni sili iliyopulizwa heliamu katikati, kwa shinikizo lililozidi la pande zote mbili, hivyo kama kuna cha kuvuja kiwe heliamu. Shinikizo hilo likishuka chini ya kiwango, kompyuta inazima injini.

Wazo hilo la kuchagua kitakachovuja ndilo pia limetawala katika vinu vya nyuklia. Pampu kubwa za Westinghouse zinazozungusha maji ya kinu, kwa shinikizo la takriban baa 155, zina sili iliyobuniwa kuvuja. Maji safi baridi husukumwa ndani yake na karibu lita 11 kwa dakika hurudishwa kwa mabomba. Huo ndio uvujaji mkubwa kuliko wote katika orodha hii, na pia ndio unaopimwa kwa makini kuliko wote.

Ya kwetu Afrika Mashariki

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, karibu na Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na linatajwa kuwa bomba refu kuliko yote duniani linalopashwa joto. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yakipoa huganda, kwa hiyo bomba limebuniwa kuyaweka kwenye nyuzi 50 hivi. Vituo vyake vya pampu ni sita, viwili Uganda na vinne Tanzania. Kila sili hapo lazima ilindwe kwa joto kwanza, kwa sababu nta iliyoganda juu ya uso wa sili hufanya kazi ile ile ya sukari.

Iliyojificha zaidi

Visima vingi vinavyochimbwa kwa mashine Ruiru na Juja hushuka mita mia moja na hamsini, mia mbili na zaidi, na pampu hutumbukizwa pamoja na mota yake. Huko chini pampu ikivuja si kitu, inavuja majini. Sili inailinda mota. Aliyeitegua mapema shida hiyo ni Armais Arutunoff, mzaliwa wa Tiflis, ambaye pampu yake ya kuzama ilifungwa katika kisima cha mafuta Kansas mwishoni mwa miaka ya 1920. Aliweka kati ya pampu na mota chumba cha mafuta chenye shinikizo sawa na la nje, na wazo lake bado linatumika.

Isiyovuja kamwe

Ni ile isiyo na shafti ya kupenya. Zipo pampu za sumaku, ambamo mota huzungusha sumaku nje ya ukuta na sumaku nyingine ndani huifuata, ukuta ukibaki mzima. Ipo Afridev, pampu ya mkono iliyonolewa Kwale na Malawi katika miaka ya 1980, ambayo haizungushi chochote na sili yake ya mpira hubadilishwa na wanakijiji wenyewe. Na upo mteremko. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hushuka yenyewe hadi mitambo ya kusafisha maji ya Ngethu na kuendelea hadi Gigiri, Nairobi. Wahandisi walioutumia mlima badala ya mota waliokoa sili ambazo hakuna atakayezihesabu.

Muuaji mkubwa

Mteremko huishia kwenye tenki la chini la ploti. Kutoka hapo hadi ghorofa ya tano ni kazi ya pampu ndogo, na hapo ndipo sili nyingi hufia. Bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini lilikamilika 2022 ili kuongeza maji ya Ruiru na Juja, lakini nyumba zinaongezeka nazo, na mgao haujaisha. Maji yakikatika, tenki la chini linakauka, na pampu haijui. Inaendelea kuzunguka. Utando uliokuwa kati ya nyuso unatoweka, joto linapanda kwa sekunde chache, mpira ulioshika pete unaiva. Kisha maji yanarudi, baridi, yanagonga seramiki yenye moto, nayo inapasuka.

Ukiifungua sili hiyo utaisoma kama barua. Kaboni ina duara lenye kina na ukingo uliomegeka. Seramiki ina nyufa nyembamba zinazotoka katikati kwenda nje, wakati mwingine na rangi ya kahawia. Mpira haukunjiki tena. Mchanga hauachi alama hizi. Fundi anayebadilisha sili bila kuangalia iliyotoka atarudi kubadilisha nyingine, na mpangaji ndiye atakayenunua maji ya mkokoteni wakati huo.

Kuna kosa jingine baya kuliko hilo. Chini ya shingo ya pampu, kati ya sili na mota, kuna tundu dogo. Sili ikianza kuchoka, maji hutokea hapo. Nimekuta tundu hilo limezibwa kwa sabuni, kwa kipande cha mti, hata kwa gundi ya mabomba, na sakafu ikawa kavu kwa wiki mbili. Maji yaliyonyimwa njia ya chini hufuata shafti mpaka kwenye beringi, halafu kwenye nyaya za mota. Sili ni sehemu ndogo ya bei ya pampu. Mota ndiyo pampu.

Swichi ya kuelea ndani ya tenki la chini, iliyounganishwa ili ikate umeme kiwango kikishuka, huzuia kifo hicho. Na sili mpya ikishafungwa, jaza pampu maji kwanza, fungua kizibo cha juu mpaka mapovu yaishe, zungusha shafti kwa mkono mara chache, ndipo uwashe.