NYWELE ZA RASTA CHINI YA KOFIA YA KAZI: NAMNA YA KUZITENGENEZA NYUMBANI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemsaidia bwana wako nyumbani, leo ukurasa huu unasema juu ya nywele za rasta, zaidi sana zile zinazokazwa kwa kupitisha ncha ya rasta ndani ya shina lake. Kazi hii yaweza kufanywa nyumbani bila gharama. Lakini ikifanywa kwa haraka inaondoa nywele, na kofia ya kazi haikai tena vema juu ya kichwa.

Kila mwezi nywele zinaota kiasi cha sentimita 1. Basi, kukaza mara moja kila wiki 6 mpaka 8 kunatosha. Anayekaza kila wiki anachosha mashina.

MBELE YA KUANZA. Osha nywele kwa maji mengi na sabuni iliyoyeyushwa katika chupa. Suuza mpaka maji yatoke safi, kwani vumbi la mgodi linajificha ndani ya rasta. Kamua kwa taulo, kisha kausha juani. Rasta inayobaki na maji ndani inanuka na kuota ukungu. Kwa hiyo osha asubuhi, usilale nayo ikiwa mbichi, wala usivae kofia juu yake.

KUKAZA. Tafuta sindano kubwa isiyo na ncha kali, au kulabu ndogo ya kufumia. Tenga rasta moja na jirani zake, halafu pitisha ncha yake katika shina kwa pande nne, kila safari upande mwingine:

1. Toka upande wa paji la uso kwenda kisogoni.
2. Toka kuume kwenda kushoto.
3. Toka kisogoni kwenda upande wa paji la uso.
4. Toka kushoto kwenda kuume.

Ukipitisha siku zote upande mmoja, shina linapasuka kama panda ya manati, na tundu linaonekana. Simama mbele ya kufika kwenye ngozi. Jaribu rasta kwa vidole: igeuke huku na huku bila kuinua ngozi. Kama ngozi inavutwa, legeza saa ile ile.

KUTENGENEZA ILIYOHARIBIKA. Kwa shina lenye tundu, fungua safari za mwisho polepole kwa sindano, kisha anza tena kwa pande nne. Rasta iliyokonda shinani iunganishe na jirani yake: pitisha ya kwanza katika mashina ya zote mbili, halafu ya pili, mpaka zishikane. Rasta iliyokatika yaweza kushonwa mahali pake kwa uzi wa pamba wenye rangi ya nywele. Usizibe tundu kwa nta wala mafuta mazito, maana yanashika vumbi na hayatoki tena kwa urahisi.

DALILI ZA HATARI. Ukiona vipele kwenye mashina, ukiumwa kichwa unapolala, au ukiona nywele za paji la uso na za karibu na masikio zinarudi nyuma, acha kukaza. Mwanzoni nywele zinaweza kuota tena. Ukiendelea miezi na miaka, shina linakufa, na hakuna dawa ya kupaka itakayolirudisha. Ukiwashwa au ukiwa na chawa, nenda dispanseri. Usipake petroli wala mazutu: inaunguza ngozi, na karibu na moto wa jikoni inaweza kuwaka.

KAZINI. Tazama ndani ya kofia yako. Kuna mikanda inayoshika kichwa, na nafasi kati ya mikanda na gamba la kofia. Jiwe likianguka, mikanda na nafasi ile ndivyo vinavyopunguza nguvu ya pigo. Ukirundika rasta utosini, unaijaza nafasi ile, na kofia inakaa juu-juu, ukiinama, inaanguka. Funga rasta chini, kisogoni, kwa kitambaa laini. Usitumie vibanio vya chuma. Vaa kofia, kaza mikanda, kisha inama na kutikisa kichwa. Ikisogea, funga upya.

Anayefanya kazi karibu na mashini inayozunguka, au na mkanda unaobeba mawe, aingize rasta zote ndani ya kola na kufunga vifungo. Mashini ikikamata rasta moja inavuta kichwa kizima, na mkono wa mwenzako hautafika mapema kwenye kibonyezo cha kusimamisha.

Zamu ikiisha, oga na kukung'uta nywele mbele ya kurudi nyumbani. Vumbi la madini lisifike kwenye mto anapolala mtoto wako.

Ndugu, rasta zako ni zako, nawe unaweza kuzitunza miaka mingi. Kaza kwa kiasi, funga chini, na kofia ikae juu ya kichwa, si juu ya nywele.