Ubeti Mmoja Hauungui

Sisi watu wa Boga, mashariki mwa Kongo, tunajua kufunga mzigo upesi. Risasi zikisikika upande wa Tchabi, mama anamfunga mtoto mgongoni, anatwaa sufuria na bidoni ya maji, kisha njia. Kaye (daftari) za shule zinabaki mezani. Kwa hiyo wanaponiuliza, mimi mwalimu wa shule ya msingi, mashairi yana kazi gani wakati wa vita, nawajibu: ubeti mmoja unabebwa kichwani, na hauungui nyumba ikichomwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, wenye silaha waliingia Boga na Tchabi, wakaua watu zaidi ya 50. Mchana uliotangulia usiku ule, yaani tarehe 30 Mei, ndiyo siku tunayomkumbuka Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka mto Semliki mwaka 1896 kuja kuhubiri na kufundisha watu kusoma, akafariki mwaka 1933 na kuzikwa hapa hapa. Tangu usiku ule wengi wetu tumekuwa watu wa kwenda na kurudi, leo kijijini, kesho kwenye kambi ya deplase, yaani wakimbizi wa ndani. Tulichoshika njiani ni maneno mafupi: mstari wa Zaburi, kiitikio cha kwaya, methali ya koko (bibi au babu). Nami nikaongeza tathnia, shairi la mishororo miwili.

Kanuni yake si ngumu. Kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16, nane upande wa kwanza na nane upande wa pili, na vina vinalingana katikati na mwishoni. Hii niliitunga niliporudi na kulikuta shamba la jirani yangu limegeuka pori:

Nyasi zimejaa shamba, mlango umelegea,
Mvua bado inaimba, na mbegu yatungojea.

Hesabu kwa vidole. Nya-si-zi-me-ja-a-sha-mba: nane. Katika “mlango”, ile m inasimama peke yake, kwa hiyo m-la-ngo ni mizani tatu. Jirani yangu, koko asiyejua kusoma, alinitaka nirudie mara mbili, akayashika maneno. Akasema, “Mwalimu, haya ni mafupi, sitayasahau.” Siku hizi namsikia akiyasema huku akipalilia, na pale penye mbegu anaweka maharagwe yake. Mizani inazidi, lakini simsahihishi.

Naona faraja inatoka kwenye kile kipimo chenyewe. Huzuni haina mwisho; ukianza kuisimulia yote, usiku unakwisha. Mizani nane zinakulazimisha uchague: utataja nyasi, au mlango, au jina la aliyekufa? Ukishachagua kimoja, umekitazama usoni. Tena vidole vinahesabu, na pumzi inatulia yenyewe.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Beti za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zilikaa vichwani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor hawajazikusanya kwa maandishi. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za msalani, na mwaka 1973 tungo hizo zikatoka katika kitabu kiitwacho Sauti ya Dhiki. Mtu mwenye kipande kidogo cha karatasi hana nafasi ya maneno ya kupoteza.

Shairi halileti askari wa kulinda barabara, wala dawa, wala unga. Anayeota ndoto mbaya kila usiku anahitaji watu wa kukaa naye, na muuguzi akipatikana. Lakini hao watu wa kukaa naye watasema nini? Hapo ndipo ubeti unapofaa.

Ukitaka kujaribu tathnia, anza na kitu kimoja unachokiona: jembe, mbuzi, moshi wa jikoni. Usianze na neno “amani”. Ni kubwa mno, halikupi cha kushika. Hesabu mizani nane, kisha nane nyingine, na vivyo hivyo mshororo wa pili. Ukimaliza, mfundishe mtu mmoja kwa mdomo kabla hujaiandika. Akiweza kuisema kesho bila wewe, imekamilika; akishindwa, rahisisha maneno yake.