Mpangilio wa Tarakimu na Usalama wa Dawa

Tarakimu hazina maana pasipo mpangilio. Mathalani, 270528 yaweza kusomwa kuwa 28 Mei 2027, au 27 Mei 2028. Iwapo hiyo ni tarehe ya mwisho wa matumizi ya dawa, hitilafu hiyo yaweza kumfikishia mgonjwa dawa iliyokwisha muda wake takriban mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa ghala la dawa katika kituo cha afya wilayani Kilolo, ambako vijiji vingine viko mbali milimani, na dawa ikishatoka ghalani si rahisi kuirudisha. Mtunza ghala hutumia skana ya mkono kusoma bakodi iliyochapwa juu ya boksi. Skana humulika mistari. Myeusi hufyonza mwanga, nafasi nyeupe huurudisha. Tofauti hiyo hugeuzwa kuwa tarakimu, zikapelekwa kwenye kompyuta kana kwamba mtu anapiga chapa.

Kwa kanuni za kimataifa za GS1, kila taarifa hutanguliwa na namba yake ya utambulisho: 01 kwa bidhaa, 17 kwa tarehe ya mwisho wa matumizi, 10 kwa toleo. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Fomu ya kompyuta ikitazamia siku kwanza, kosa halitaonekana, maana 27 ni mwaka na pia ni siku halali. Mwaka 2032 na kuendelea ndipo kompyuta itakapoweza kulikataa kila mara, kwa kuwa hakuna mwezi wenye siku 32.

Ndiyo sababu skana hupangwa kabla ya kutumika. Kitabu chake cha maelekezo huwa na bakodi maalumu ambazo ni amri: kufungua mpangilio, kuchagua taarifa itakayotangulia, kuweka alama ya kuhamia kisanduku kinachofuata, na kuhifadhi. Skana nyingi zaweza pia kuigawa tarehe na kuipanga upya. Baada ya hapo yafaa kusoma boksi moja na kulinganisha tarehe iliyoingia na ile iliyochapwa.

Walimu waweza kuwauliza wanafunzi: 27, 05 na 28 hutoa tarehe ngapi halali? Na 08, 09 na 10 je? Jibu la kwanza ni 2. La pili ni 6.