Darubini ya Msimu wa Nyota: Ipi Inastahili Pesa Yako?

Masika yakiisha, anga la bara husafika kuanzia Juni hadi Septemba. Jioni kundi la Nge hupanda juu, na Njia Nyeupe huonekana wazi. Vuli ikifika, mawingu hurudi. Ukitaka darubini kwa msimu huu, amua mapema, maana mzigo wa kuagiza nje huchukua wiki kadhaa. Bei za hapa ni makadirio ya maduka ya nje, kabla ya nauli na kodi.

Darubini ya macho mawili, ya kushika mkononi: dola 40 hadi 100. Tafuta iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Itakuonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii, Kilimia, na nyota zilizosongamana upande wa Nge. Pete za Zohali hutaziona. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuipata katika maduka ya miji ya watalii kama Arusha na Nairobi, ukaijaribu kabla ya kulipa. Ilenge kwenye mnara wa simu ulio mbali: ukiona minara miwili, irudishe. Ukiona utando wa kuvu ndani ya lenzi, iache.

Darubini ndogo ya lenzi, milimita 60 au 70: dola 70 hadi 150. Hii ndiyo inayotangazwa sana, na ndiyo ninayokusihi usinunue. Boksi huahidi kukuza mara 500, ilhali kikomo cha kweli ni takriban mara mbili ya upana wa lenzi: ya milimita 70 inaishia kwenye mara 140. Zaidi ya hapo unaona ukungu tu. Stendi yake nyembamba hutetemeka kila unapoigusa. Ikija na kichujio cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kitupe. Joto linaweza kukipasua na kukupofusha.

Darubini ya kioo, milimita 130, yenye kitako cha mbao: dola 200 hadi 300. Hutulia vizuri ikiwekwa juu ya meza imara. Pete za Zohali utaziona, na Januari utaona wingu la gesi katika Jabari. Ukiitunza itadumu miaka mingi, ingawa vioo vyake huhitaji kurekebishwa mara kwa mara, kazi ya dakika chache. Shida ni upatikanaji: kwa kawaida utalazimika kuagiza.

Hapo ndipo gharama zilizojificha hujitokeza. Wasafirishaji wa ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi pale unapozidi uzito. Wengi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 huhesabiwa kilo 19.2, hata kama ndani mna kilo 8. VAT nayo, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, hupigwa juu ya bei, nauli na ushuru vikijumlishwa. Tuseme darubini ni dola 220 na nauli 150: kwa Tanzania, VAT peke yake inakaribia dola 67, ushuru bado. Dai bei ya mpaka mlangoni kabla ya kulipa.

Wakazi wa pwani waongeze pakiti za silika, kwa sababu unyevu huleta kuvu kwenye lenzi na vioo. Ramani ya nyota usinunue. Programu ya Stellarium ya kompyuta ni ya bure.

Uamuzi wangu: ukiwa na dola 100 au 150, chukua ya macho mawili, na chenji iwe nauli ya basi kwenda mbali na taa za mji, siku za mwezi mwandamo. Ukiweza kufikisha dola 450 kwa jumla, agiza ya kioo. Ukiwa katikati, nunua ya macho mawili sasa, kisha weka akiba.