Makosa Madogo ya Zamani na Ruhusa ya Kuhamia Ng'ambo

Mtu anayeomba ruhusa ya kuhamia nchi ya ng'ambo, ama kwa kazi, ama kwa masomo, ama kwa kumfuata mume au mke, huulizwa maswali mengi. Huulizwa umri wake, elimu yake, afya yake na fedha zake. Lakini liko swali moja ambalo huwatia watu hofu kuliko yote: Je, umepata kukamatwa au kuhukumiwa kwa kosa lolote?

Katika Isiolo swali hili lawahusu watu wengi ambao ni raia wema. Yuko aliyetozwa faini kwa kuuza bidhaa kando ya barabara bila leseni. Yuko aliyepigana siku ya mnada wa mifugo, akalala korokoroni usiku mmoja. Yuko mchungaji ambaye katika mwaka wa ukame aliingiza ng'ombe wake katika shamba la mtu, akashtakiwa. Miaka imepita, faini imelipwa, na majirani wamesahau. Basi mtu huyo afanye nini anapowekewa fomu mezani? Wengine hukata tamaa wasiombe kabisa. Wengine huandika "Hapana", wakidhani hakuna atakayejua. Wote wawili hukosea, na kosa la yule wa pili ni kubwa zaidi.

CHETI CHA TABIA NJEMA

Nchi nyingi humtaka mwombaji alete cheti cha polisi, ambacho hapa Kenya hujulikana kuwa cheti cha tabia njema. Cheti hiki hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, yaani DCI. Maombi hufanywa katika tovuti ya Serikali iitwayo eCitizen, na ada hulipwa huko huko. Kisha mwombaji huchapisha fomu ya alama za vidole, iitwayo C24, akaenda nayo pamoja na kitambulisho chake katika kituo cha Huduma au ofisi ya DCI. Vituo vya Huduma vimefunguliwa katika kaunti zote 47, kwa hiyo mtu wa Isiolo halazimiki kufunga safari mpaka Nairobi ili kutiwa wino vidoleni.

Alama hizo hulinganishwa na zile zilizopata kuchukuliwa kwa washtakiwa. Jambo hili si geni katika nchi hii. Kipande, ambacho kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika kote mnamo mwaka 1920, kilikuwa na alama ya kidole cha mwenyewe, naye alikibeba shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kikopo kimekwisha, lakini maarifa yaliyomo ni yale yale: majina ya watu hufanana, na mtu aweza kubadili jina lake, alama za vidole hazifanani wala hazibadiliki.

Yafaa kufahamu kwamba cheti hueleza tu yaliyoandikwa katika daftari za polisi. Hakiamui kama mtu atasafiri au hatasafiri. Mwenye kuamua ni ofisa wa nchi ile inayoombwa, naye hufuata sheria ya kwao.

NANI HUPIMA UDOGO WA KOSA?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu husema, "Kosa langu lilikuwa dogo, maana hakimu alinitoza faini tu." Lakini udogo wa kosa haupimwi kwa faini iliyolipwa Isiolo. Kila nchi ina kipimo chake.

Tuchukue mfano wa wizi wa mbuzi mmoja. Tuseme kijana wa miaka 20 alishirikiana na wenzake kuiba mbuzi, wakamchinja, wakashikwa. Hakimu, akiona kwamba kijana huyo hakuwa na kosa jingine, akamtoza faini na kumwonya. Nyumbani watu watasema ni upuzi wa ujana. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Kenya yasema kwamba mwizi wa mifugo, na mbuzi ametajwa humo, aweza kufungwa hata miaka 14. Wizi wa kawaida waweza kuleta kifungo cha miaka 3.

Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952, ambayo imerekebishwa mara nyingi, huwazuia waliotenda makosa yanayohesabiwa kuwa ya aibu kwa tabia ya mtu, kama vile wizi na udanganyifu. Sheria hiyo husamehe kosa dogo, lakini kwa masharti matatu: liwe ni kosa moja tu la namna hiyo, adhabu kubwa kabisa ambayo sheria ingeweza kutoa isizidi kifungo cha mwaka mmoja, na kifungo alichopewa mtu mwenyewe kisizidi miezi 6. Kijana wetu hakufungwa hata siku moja, lakini sharti la pili limemshinda, kwa kuwa Marekani huangalia ile miaka 14 iliyoandikwa katika sheria ya Kenya, wala si faini aliyotozwa.

Je, njia yake imefungwa kabisa? La. Mwenye kuomba kuhamia huko aweza kuomba asamehewe zuio hilo ikiwa kosa lilitendwa zaidi ya miaka 15 iliyopita na sasa ameonekana kuwa mtu mwema, au ikiwa ana mke, mume, mzazi au mtoto aliye raia wa Marekani ambaye atapata taabu kubwa akikataliwa. Kadhalika, aliyetenda kosa moja tu kabla ya kutimiza miaka 18 husamehewa ikiwa imepita zaidi ya miaka 5 tangu kosa hilo, na tangu kutoka kifungoni kama alifungwa.

Kwa upande mwingine, makosa mengi yanayowatisha watu hayamo kabisa katika zuio hilo. Ulevi, uuzaji bila leseni, kuingia shamba la mtu bila nia mbaya, na kupigana kwa mikono bila silaha wala nia ya kuumiza vibaya, kwa kawaida hayahesabiwi kuwa makosa ya aibu. Lakini dawa za kulevya zina hesabu yake. Aliyehukumiwa kwa bangi hapati ule msamaha wa kosa dogo. Nafasi aliyo nayo ni ya kuomba kusamehewa zuio, tena ikiwa ni mara moja tu na bangi yenyewe ilikuwa ya matumizi yake, isiyozidi gramu 30.

KANADA, UINGEREZA NA AUSTRALIA

Kanada ina njia nyingine ya kupima. Kwa sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 2001, ofisa huuliza: tendo hili lingetendwa Kanada, lingekuwa kosa gani? Kwa hiyo jambo ambalo hapa ni dogo laweza kuwa kubwa huko. Dereva wa lori wa njia ya Moyale aliyeshtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa aweza kudhani ni jambo la barabarani tu. Lakini tangu tarehe 18 Desemba 2018, Kanada imelifanya kosa hilo kuwa na adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 10, na kwa ajili hiyo huhesabiwa katika makosa mazito.

Hata hivyo Kanada hukubali kwamba mtu aweza kujirekebisha. Ikipita miaka 5 tangu kumaliza adhabu, faini ikiwemo, mtu aweza kuomba atambuliwe kuwa amejirekebisha. Ikiwa kosa lilikuwa moja, wala halikuwa katika yale mazito, miaka 10 ikipita aweza kuhesabiwa hivyo pasipo kuomba.

Uingereza huangalia zaidi kifungo alichopewa mtu. Aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi hukataliwa. Chini ya hapo, ofisa ana hiari ya kukubali au kukataa, naye hufikiri uzito wa kosa na muda uliopita. Australia nayo hutumia kipimo cha miezi 12, na vifungo kadhaa hujumlishwa pamoja.

Wauguzi na walimu waangalie jambo moja zaidi. Tangu Kenya na Uingereza zilipopatana mwaka 2021 juu ya wauguzi kwenda kufanya kazi huko, wengi wameitazama njia hiyo. Waombaji wa kazi za namna hii hutakiwa kuleta cheti cha polisi kutoka kila nchi waliyokaa miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Kwa hiyo aliyekuwa akifanya kazi Saudia au Qatar ataombwa cheti cha huko pia, na ni rahisi zaidi kukipata kabla hajaondoka katika nchi hiyo.

KESI ILIYOMALIZWA NA WAZEE

Katika Isiolo magomvi mengi humalizwa na wazee. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, yakubali njia za jadi za upatanisho, na mahakama nayo yaweza kuwapatanisha watu katika makosa kama shambulio dogo. Lakini mara nyingi polisi huwa wamekwisha kumkamata mtu na kuchukua alama za vidole vyake kabla ya wazee kukaa. Mashtaka yakisha kuondolewa, watu hurudi nyumbani wakidhani mambo yamekwisha.

Sivyo. Daftari la polisi laweza kuendelea kuonyesha kwamba kesi ingali inangoja, ikiwa matokeo ya mahakama hayakupelekwa huko. Tena kuondolewa kwa mashtaka kuna namna mbili. Mlalamikaji akiondoa malalamiko kwa idhini ya mahakama, mshtakiwa huachiliwa kuwa hana hatia. Lakini mwendesha mashtaka akiondoa kesi kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea, mshtakiwa huachiliwa tu, na kesi yaweza kufunguliwa tena.

Kwa hiyo mtu wa namna hii aende katika mahakama iliyosikiliza kesi yake, ataje namba ya kesi na mwaka, aombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri. Nakala hiyo aipeleke DCI ili daftari lisahihishwe, na nakala nyingine aiweke nyumbani. Mabalozi nao huitaka. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yake kosa lilikuwa nini na lilikwishaje.

Asome pia maneno ya fomu kwa makini. "Umehukumiwa?" na "Umekamatwa?" ni maswali mawili. Fomu ya Marekani ya kuomba viza ya kuhamia huuliza yote mawili, hata kama mtu alisamehewa baadaye. Aliyekamatwa kisha akaachiliwa bila hatia atajibu kwamba alikamatwa, na ataeleza kwamba hakuhukumiwa. Jibu hilo halimdhuru.

UONGO HUZIDI KOSA

Sasa tupime adhabu ya kuficha. Uingereza, mwombaji akionekana amedanganya katika maombi yake, aweza kukataliwa kwa miaka 10. Kanada humzuia kwa miaka 5. Marekani humzuia maisha yake yote mwenye kudanganya kwa kusudi katika jambo kubwa, isipokuwa asamehewe zuio hilo. Na uongo haufi mtu anapofika: ukigunduliwa miaka mingi baadaye, waweza kumnyang'anya kibali cha ukaaji, hata uraia. Hivyo mtu aliyelipa faini ya shilingi mia chache kwa ulevi, kosa ambalo pengine lisingemzuia kamwe, aweza kujifungia mlango mwenyewe kwa neno moja la "Hapana".

Wako pia watu wanaozunguka mijini wakisema wanaweza "kusafisha" jina la mtu au kumletea cheti safi kwa malipo. Familia imepata kuuza ngamia au ng'ombe ili kuwalipa watu kama hao. Yafaa ijulikane kwamba cheti cha kughushi ni kosa jipya la jinai, tena la udanganyifu, yaani la aina ile ile ambayo nchi za ng'ambo huchukia zaidi. Mwenye kutafuta kazi Ghuba ahakikishe kwanza kwamba wakala wake ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Yako na makosa ambayo mtu aweza kuyatenda bila kujua. Miraa inayoshuka kutoka Nyambene ni zao halali katika Kenya. Lakini Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na Marekani huihesabu katika dawa za kulevya. Msafiri anayemchukulia ndugu yake fungu moja sandukuni aweza kupata huko rekodi ambayo hakuwa nayo hapa.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa ufupi, mwenye kosa la zamani afanye haya kabla ya kulipa fedha yoyote ya safari. Kwanza, apate cheti chake cha polisi, ajue kilivyoandikwa. Pili, apate nakala ya hukumu na stakabadhi ya faini. Tatu, atazame sheria ya Kenya yasema adhabu kubwa ya kosa hilo ni ipi, kisha asome kanuni za nchi anayoitaka. Ikiwa kosa ni wizi, dawa za kulevya au kumjeruhi mtu, amwone wakili. Nne, ajibu kila swali kwa kweli, aandike maelezo mafupi ya mambo yalivyokuwa na jinsi alivyoishi tangu hapo.

Wengi wakifanya hivyo wataona kwamba kosa walilolihofu miaka mingi halikuwa kizuizi kikubwa. Wachache wataona kwamba yawapasa kungoja, au kuchagua nchi nyingine. Lakini wote watakuwa wamejua hali yao mapema, kabla ya mifugo kuuzwa na tiketi kununuliwa. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Na mwenye safari ya ng'ambo anahitaji njia ndefu.