Mumiani wa Kupendwa

Mwaka huu nilisoma kwa mara ya kwanza kitabu ambacho wenzetu wengi walikwisha kukisoma zamani. Chaitwa Twilight, cha Stephenie Meyer wa Marekani, kilichotoka mwaka 2005. Nakala niliyoazimwa ilikuwa haina jalada, kwa jinsi ilivyopita mikononi mwa wasichana tele.

Kisa chenyewe ni hiki. Bella, msichana wa miaka 17, ahamia mji mdogo wa Forks, wenye mvua na mawingu siku zote. Shuleni ampenda Edward, kijana mzuri ajabu. Kumbe ni vampaya! Alikuwa mahututi kwa homa kuu ya mwaka 1918, akageuzwa, na tangu hapo hazeeki. Yeye na jamaa zake hunywa damu ya wanyama ili wasiue watu. Lakini damu ya Bella yamvuta kuliko zote. Basi hapo ndipo penye utamu: ampendaye ndiye awezaye kumwua.

Usiku mmoja nikisoma dakani, bibi yangu akaniuliza, "Wasoma n'ni, mwanangu? Utayavunda mato bure." Nikamsimulia. Akashtuka. "Mnyonya damu, na msichana ampenda? Basi huyo ni mumiani!"

Nilicheka, kisha nikaanza kuchunguza. Vampaya wa Ulaya, kama Dracula wa Bram Stoker katika kitabu cha mwaka 1897, ni mfu atokaye kaburini. Mumiani wetu ni mtu hai, tena aliyetumwa. Yasemekana huvizia watu usiku, akawatoa damu ikafanywe dawa. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, nalo lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami. Zama za ukoloni uvumi kama huu ulienea Afrika Mashariki, hata Nairobi watu wakawahofia wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Kwa maoni yangu, mtu aliyekwisha kutwaliwa ardhi na kutozwa kodi si ajabu akihofia na damu yake. Wenzetu waliwaogopa wafu wao. Sisi tuliwaogopa wenye nguvu.

Lakini hofu hiyo haijafa, nami ni shahidi. Mwaka jana shangazi yangu alijifungua, akatokwa na damu nyingi. Tukaulizwa nani atamtolea. Jamaa wawili waliondoka kimyakimya, na mmoja akaninong'oneza, "Hujui damu yako iendako." Mimi nilikuwa na miaka 17, umri umetosha, lakini wallahi nilijibanza nyuma ya mlango. Mjomba ndiye aliyetoa. Shangazi akapona, alhamdulillahi, ila mimi hadi leo naona haya kumtazama usoni.

Nilipokuwa nikisoma habari za Edward nilijiuliza: huyu ana kiu ya damu na ajizuia ili mwenzake aishi. Mimi sikuwa na kiu yoyote, nilikuwa na hofu tu, tena ya hadithi. Mbona nilishindwa?

Basi tujue ukweli wa mambo. Hapa Kenya, mtu mwenye afya, wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa damu. Hutolewa yapata mililita 450. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Mtoaji hapungukiwi, na mgonjwa hupata uhai.

Sisemi tuzitupe hadithi za mumiani. La! Tuwaulize wazee na tuziandike kwa Kiswahili chetu, maana hofu iliyoandikwa huweza kuchunguzwa. Na siku watakapokuja shuleni kutafuta damu, mtanikuta mbele ya mstari.

Naweka kalamu chini. Bibi ananiita, ataka kujua kama Edward na Bella walioana. Nimemwambia vitabu ni vinne, asubiri.