Bangili za Mama na Ada za Viza ya Marekani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo huambiwa wafanyabiashara, lakini siku hizi lawafaa pia wazee wenye vijana walioitwa Marekani kusoma au kufundisha kwa mpango wa mabadilishano.

Mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliuza bangili zake mbili za dhahabu, urithi wa marehemu mamake, ili mwanawe apate viza. Kijana alikuwa amekwisha kukubaliwa na chuo kikuu cha huko, na fomu yake ilikuwa imekwisha kufika. Hapo ndipo alipozuka bwana mmoja aliyejiita wakala, mwenye maneno matamu kama halua. Alipokea fedha zote mkononi, akatoa kijikaratasi kisicho na muhuri wala nambari. Kila alipoulizwa, jawabu lake lilikuwa lile lile: kesho, inshallah. Kesho hizo zilipokwisha, masomo yalikuwa yameanza, wakala hajulikani aliko, na bangili zimo mkononi mwa mwanamke mwingine.

La kusikitisha zaidi ni kwamba hapakuwa na hata shilingi moja iliyopaswa kupita kwa bwana yule. Ada za viza hii zajulikana, na kila moja ina mahali pake pa kulipwa na stakabadhi yake.

Viza yenyewe huitwa J-1. Msingi wake ni sheria ya mabadilishano ya elimu na utamaduni iliyopitishwa Marekani mwaka 1961, ijulikanayo kwa majina ya Fulbright na Hays. Hutolewa kwa wanafunzi, walimu, watafiti, madaktari wanaojifunza kazi, na wengineo. Mwombaji haanzi ubalozini. Huanza kwa mdhamini, yaani chuo au shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambalo humpelekea fomu iitwayo DS-2019. Bila fomu hiyo hakuna safari, hata mtu awe na magunia ya fedha.

Akiisha kuipata, kuna ada mbili kubwa. Ya kwanza ni ya daftari la serikali ya Marekani linaloweka habari za wageni wa namna hii, liitwalo SEVIS. Tangu mwaka 2019 ada hii ni dola 220 kwa wengi wa wenye J-1, na dola 35 kwa baadhi, kama vijana waendao kufanya kazi za likizo au kulea watoto majumbani. Si lazima itoke mfukoni mwa mwombaji. Jamaa au mfadhili aweza kumlipia. Ya pili ni ada ya maombi ya viza, dola 185 tangu Juni 2023, ambayo hulipwa kabla ya kupangiwa siku ya mahojiano ubalozini Gigiri, Nairobi. Jumla ni dola 405. Tena, Julai 2025 ilitiwa saini sheria iliyoweka ada nyingine ya dola 250 wakati viza inapotolewa; yafaa mwombaji aulize ubalozini kama imeanza kutozwa kabla hajafunga hesabu yake.

Ni muhimu kufahamu kuwa ada ya maombi hairudishwi. Aliyenyimwa akitaka kujaribu tena, ataitoa upya. Ile ya SEVIS ina nafuu kidogo: akiomba tena viza ya aina ile ile katika muda wa miezi 12, halipi mara ya pili.

Aidha, wako wasiotozwa ada hizi. Waendao kwa mipango ya serikali ya Marekani yenyewe, kama Fulbright, husamehewa. Kwa wanafunzi wa sekondari kuna mpango uitwao YES, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya nchi zenye Waislamu wengi, na Kenya imo. Aliyechaguliwa hugharimiwa nauli, viza na bima. Basi mtu akikudai fedha ili jina la mwanao liingizwe katika mpango huo, mfungulie mlango atoke.

Kuna mambo mawili yanayowasumbua sana watu wetu wa pwani. La kwanza ni majina. Cheti cha kuzaliwa chasema Mohamed, cha shule chasema Muhammad, na pasipoti imeacha jina la babu. Jina katika fomu, katika stakabadhi na katika pasipoti sharti liwe moja, herufi kwa herufi. Likipishana, na lisahihishwe kabla ya kulipa. La pili ni picha. Dada zetu wasiwe na hofu: mtandio unaovaliwa kila siku kwa sababu ya dini unaruhusiwa, mradi uso wote uonekane na usiwe na kivuli. Kinachokatazwa ni miwani.

Mwisho ni suala la kurudi. Sheria ya Marekani humhesabu kila mwombaji kuwa ataka kuhamia huko mpaka aonyeshe kinyume chake. Ofisa atauliza una nini kwenu cha kukurudisha. Tena, aliyegharimiwa na serikali yao au ya kwao hutakiwa kukaa nchini mwake miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuhamia huko. Wengine huona hayo ni kifungo. Lakini hiyo ndiyo maana ya kubadilishana. Kijana wa Lamu au Mvita anayekwenda kufundisha Kiswahili katika chuo cha Marekani hupeleka kitu, naye hutarajiwa kurudi na kitu.

Yule mama hakuzipata tena bangili zake. Mwaka uliofuata chuo kilimpelekea kijana fomu mpya. Safari hii mama alinunua daftari la shilingi chache, akaandika kila ada, tarehe yake na nambari ya stakabadhi, na kijana akalipa mwenyewe. Daftari lile lingenunuliwa mwaka wa kwanza, bangili zingekuwa mkononi mwake hadi leo.